Mama Mkwe na Paka wa Stoo

Ruiru,
5 Machi 1951

Kwa Mama Mkwe,

Salamu zangu zikufikie hapo Thika, wewe na shemeji Mburu na majirani wa mlango kwa mlango. Sisi huku tuko, mvua bado haijafika, na magunia ya kahawa yamejaa stoo hadi mlangoni yakingoja lori. Natumaini kifua chako kimepoa, na kwamba watoto wa misheni unaowalisha kwa vichupa hawakuchoshi sana.

Usishtuke kupata barua yangu. Najua mkwe hamsumbui mama mkwe kwa maneno, na tangu nimwoe Ngendo nimeona mgongo wako na leso yako tu, ukitoka mlango wa nyuma mimi nikiingia wa mbele. Desturi hii ya kuepukana kwetu tunaiita nthoni, kwenu thoni, na heshima ni ile ile. Lakini karatasi haina macho. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu ni cha kununulia viazi, na Kikamba najua hukitaki.

Jambo lenyewe ni paka. Paka wa stoo, yule mzee aliyekuwa akitulindia magunia yasiliwe na panya, amekanyagwa na lori Ijumaa. Nyuma ya gunia nikakuta ameacha watoto watatu, macho hayajafunguka, wembamba kama vidole. Bwana mwenye shamba alisema niwatupe mtoni. Nikawatia ndani ya kofia, nikaenda nyumbani kwanza kula.

Mama, wewe mwenyewe ulimwona Ngendo siku tuliyomzika mtoto, mwezi wa kwanza. Tangu siku hiyo analala akielekea ukuta. Nikimpa chakula anashukuru lakini hakigusi. Basi siku hiyo aliisikia kofia ikilia, akageuka, akauliza, "Ni nini hicho?" Akaamka. Akawasha jiko mwenyewe. Akatoa sandukuni ile flana ya kumfunika mtoto wetu, akawafungia humo, na tangu hapo hajarudi kitandani mchana.

Lakini hawanyonyi. Tumejaribu kijiko, maziwa yanatokea puani. Wewe umelea wasio na mama maisha yako yote, tuambie tufanye nini. Umesema Mburu aje kumchukua Ngendo wakati wa Pasaka akae kwako, na habari ya kurudi itazungumzwa baadaye. Sibishani na mama mkwe. Ila nimeshampoteza mtoto, na naogopa kumpoteza mke pia.

Ni mimi mkweo,
Kimeu


Thika,
6 Machi 1951

Mkwe wangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wenu, Muigai, ambaye alisimama mlangoni akingoja jibu na macho yake yakiwa kwenye birika. Nimempa chai, sasa anakunywa, nami naandika haraka. Mimi ni mzima, kikohozi kinanishika asubuhi tu. Mburu anakusalimu.

Nimelisha watoto wa watu hadi nimeota mvi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkia. Hata hivyo nimemuuliza Aoko, mpishi wetu pale misheni, ambaye kwao walifuga paka wengi kuliko kuku. Shika haya. Mtoto baridi hanyweshwi, awe wa mtu au wa paka. Kwanza mtie joto: chupa ya maji ya moto, izungushie gunia, wawekwe kando yake mpaka miguu ipate moto. Maziwa ya ng'ombe matupu yatawaharisha. Nunua ya mkebe kwa Mhindi, tia maji yaliyochemka, na kiini cha yai kidogo sana. Yajaribu juu ya kifundo cha mkono wako, usiyasikie baridi wala moto. Usimlaze chali kama mtoto mchanga. Alale kwa tumbo, kichwa juu, anyonye mwenyewe bila kumiminiwa. Mlishe kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukilala, yeye analala moja kwa moja.

Liko jambo lingine ambalo mama paka huwafanyia kila baada ya kunyonya. Aoko amenieleza. Hilo siwezi kumwandikia mkwe. Ngendo amuulize mwanamke mzee hapo kwenu kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi.

Tena flana. Ile flana niliishona kwa mkono wangu, upindo wake una uzi wa bluu, na niliishonea mjukuu wangu. Si tambara la paka. Mpe Muigai aniletee.

Habari ya Pasaka iko palepale.

Mkwe wako,
Mama Ngendo


Ruiru,
10 Machi 1951

Kwa Mama Mkwe,

Pokea salamu, na Mburu pia. Hatujambo kiasi.

Tulifuata yote. Chuchu nimeitengeneza kwa mpira wa vali ya baiskeli. Nimeuvisha kwenye kile kibomba cha dawa ya macho, nikautoboa kwa sindano. Wakanyonya! Mmoja mwenye mguu mweupe alishika ule mpira akasukuma kwa vidole kana kwamba anakanda unga. Ngendo alinigonga bega nitazame. Hajanigonga bega tangu mwaka jana.

Lakini jana asubuhi mmoja, yule mweusi, tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama jiwe, naye alilia mpaka sauti ikakatika. Adhuhuri akafa. Wengine wawili nao matumbo yameanza kujaa. Ngendo alimuuliza mke wa Kilonzo, nyapara wetu, juu ya hilo jambo ulilosema. Yule mama akacheka, akasema paka hulelewa na Mungu. Hakuna mwingine wa kuuliza, laini yetu imejaa wasichana walioolewa juzi.

Ngendo alikaa na yule aliyekufa mapajani mpaka nilipotoka kazini. Alisema maneno mawili tu: "Hata huyu." Kisha akageukia ukuta.

Mama, jambo uliloficha ni lipi? Nakuomba uniandikie hata kama ni aibu. Muigai atangoja.

Flana sikuweza kuitoa mikononi mwake. Nisamehe.

Mkweo,
Kimeu


Thika,
10 Machi 1951

Mkwe,

Leo sisalimu, salamu zitakuja siku nyingine.

Mtoto wa paka hajui kukojoa. Wala kwenda choo. Mama yake humlamba huko chini ndipo mambo hutoka. Asipolambwa hujaa mpaka apasuke. Chukua pamba, ichovye maji ya uvuguvugu, umpanguse hapo chini ya mkia taratibu, kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, mpaka mkojo utoke wote. Usikate tamaa usipotoka mara moja. Endelea kupangusa. Usibonyeze tumbo.

Sasa limeandikwa. Mimi, mwanamke wa kanisa, nimemwandikia mume wa binti yangu habari za mkojo, na Muigai yuko pale anapuliza chai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nililificha mimi kwa sababu ya heshima, na aliyekufa ni yule mweusi ambaye hakuwa na habari ya heshima yangu. Nimeumia kuliko paka anavyostahili. Mwambie Ngendo kosa si lake. Mwambie leo, usingoje.

Mama Ngendo


Ruiru,
19 Machi 1951

Kwa Mama Mkwe,

Salamu tele kutoka kwetu. Mimi ni mzima, Ngendo ni mzima, na paka wawili ni wazima kuliko sisi.

Barua yako ilipofika nilimsomea Ngendo kwa sauti. Nilipofika kwenye mkojo nilikohoa, akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe. Tukachovya pamba. Mwenye mguu mweupe alifungulia pale pale juu ya suruali yangu ya kazi, ile niliyopewa na Bwana, akaendelea mpaka nikadhani ana tangi. Mama, Ngendo alicheka. Alicheka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio, akalia muda mrefu. Sikujua kama nimnyamazishe au nimwache. Nikaendelea kupangusa paka.

Sasa macho yamefunguka, ya bluu kama upindo wa ile flana. Mwenye mguu mweupe nimemwita Soksi. Yule wa mistari anapenda kulalia vitabu vyangu vya stoo, kwa hiyo ni Karani. Ngendo anasema paka wasipewe majina mapema, lakini jana nilimsikia akimwita Soksi alipodhani niko nje.

Anakula. Si sana, lakini sahani inarudi tupu. Ndiyo maana nakuomba, si kwa ubishi: mwache akae nami. Pasaka hii iahirishwe.

Mkweo,
Kimeu


Thika,
22 Machi 1951

Mkwe wangu,

Nashukuru kwa salamu. Nimefurahi kwamba paka wamepona, na Aoko amefurahi zaidi, amewatangazia jiko zima.

Lakini mtu hatibiwi na paka. Mtoto wangu amelala akitazama ukuta miezi miwili katika chumba kile kile alichofia mtoto wake, na wewe uko stoo kutwa nzima. Nani anamshika mkono? Mimi siwezi kuja. Unajua na mimi najua kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwe, na nyumba yenu ina chumba kimoja. Kwa hiyo aje kwangu. Nimezungumza na mkubwa wa misheni, atampa kazi ya kufua nguo za watoto. Akizoea, akitaka kukaa, sitamfukuza. Nakwambia hili waziwazi ili usiseme nilikuficha.

Mburu atafika Jumatatu ya Pasaka. Paka wabaki huko. Ngendo apumzike na habari za kulea.

Mkwe wako,
Mama Ngendo


Ruiru,
15 Aprili 1951

Kwa Mama Mkwe,

Hujambo? Mburu hajambo? Ngendo je? Namuulizia yeye mwisho kwa adabu tu, ila ndiye wa kwanza moyoni.

Mimi nipo. Alipoondoka aliniachia paka na maagizo, mengi kuliko ya Bwana. Nikawa naenda nao stoo ndani ya kikapu, na chupa yao ya maji ya moto. Wapakiaji wakaniita Mama Soksi. Kilonzo aliniuliza maziwa yanatoka upande gani. Niliwaacha wacheke. Siku hizi hawanyonyi tena, wanalamba uji wa maziwa sahanini, na pamba nimeitupa kwa sababu wanajua kazi yao wenyewe. Karani amejifunza kupanda gunia ila hajajifunza kushuka.

Sasa nina neno. Muigai ameniambia alimwona Ngendo uani pa misheni akianika nepi. Amekonda kuliko alipotoka huku. Alimsalimu, akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Muigai si mtu wa kutia chumvi. Akasema pia kwamba alikusikia ukimwambia, "Nyamaza mama, yamepita, Mungu atakupa mwingine."

Mama, nimefikiria siku nyingi kabla ya kuandika hili. Ulificha jambo moja kwa sababu ya heshima, na tukampoteza mmoja. Uliponiambia, wawili wakapona. Basi na mimi niache heshima kidogo. Usimnyamazishe. Kila siku amezungukwa na watoto wa watu, anafua nepi zao, na wake hatajwi. Huku pia hatukumtaja. Mimi mwenyewe sikumtaja. Nilidhani nikikaa kimya namsaidia, kumbe nilikuwa nikimwacha peke yake, na mimi pia nikawa peke yangu. Siku ile ya suruali alilia, na baada ya kulia alikula. Nilipaswa kuelewa siku ile.

Mwache amtaje mtoto wake. Muulize alikuwaje. Hata kama hatarudi kwangu, muulize.

Najua mkwe hamwelekezi mama mkwe namna ya kumlea bintiye. Nimeandika.

Kimeu


Ruiru,
13 Mei 1951

Kwa Mama Mkwe,

Salamu, na natumaini mnaendelea vema na mvua hizi. Huku barabara imekuwa tope tupu, lori limekwama mara mbili.

Sijapata jibu. Muigai anasema ulipokea barua yangu, ukafunga mlango, na siku hiyo hakupewa chai. Anasema tena alipopita mara nyingine, Mburu alimwambia umekwenda kanisani, na haikuwa Jumapili. Nimeelewa. Kama nilivuka mpaka, nisamehe, na hasira yako isimfikie Ngendo.

Mwambie Ngendo kwamba Soksi ameua panya. Mdogo, tena nadhani alikuwa mgonjwa, lakini amemleta hadi mlangoni akamweka pale Ngendo alipozoea kukaa.

Mkweo,
Kimeu


Thika,
7 Juni 1951

Mwanangu Kimeu,

Habari za siku nyingi? Hapa kuna baridi, na kifua changu kinajua. Mburu amepata kazi ya kutengeneza baiskeli mjini. Muigai amekunywa chai yake, vikombe viwili, tumepatana.

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilisema, tazama mtoto huyu wa Ukambani, nimemfundisha kupangusa paka sasa anataka kunifundisha kulea. Barua yako nikaiweka ndani ya Biblia, mahali nisipopasoma sana. Nikaendelea kumwambia Ngendo anyamaze, naye akatii. Alitii mpaka akaacha kunijibu hata nikimwambia karibu chakula. Hapo nikaogopa. Nimewaona watoto pale misheni walioacha kulia, na najua maana yake.

Basi wiki jana tulikuwa tukimenya viazi. Sikumuuliza kama ulivyosema, kwa sababu sikujua neno la kuanzia. Nikaanza na langu. Nikamwambia kwamba kabla yake nilizaa mvulana, akaishi mwezi mmoja, na mama mkwe wangu aliniambia ninyamaze, Mungu atanipa mwingine. Mungu akanipa Ngendo, kisha Mburu, nami nikanyamaza mpaka leo. Sikuwa nimemwambia mtu, hata na baba yao marehemu hatukulizungumza. Ngendo aliacha kumenya. Akaniuliza, "Alikuwaje?" Miaka yote hiyo, Kimeu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia alikuwa na masikio ya babu yake.

Ndipo akaniambia yake. Kwamba alikuwa na nywele nyingi, kwamba alishika kidole chako, kwamba mlimwita Mwongeli kwa ajili ya mama yako. Nilisimama kaburini kwake na sikujua kama alikuwa na jina. Sikuuliza. Tumelia, viazi vikageuka vyeusi, tukala hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo anazungumza, na sasa hanyamazi! Ananiuliza kama Karani amejua kushuka. Ananiambia nakata vitunguu vibaya. Jana amemwambia mkubwa wa misheni kwamba kazi ya kufua inatosha, anarudi kwake. Mimi sikumshauri aende wala asiende. Yeye mwenyewe alisema "kwangu," nami nikasikia alimaanisha Ruiru.

Njoo umchukue Jumamosi. Usimtume Muigai, njoo mwenyewe na baiskeli yako. Nina panya humu ndani wanaokula hata sabuni, kwa hiyo niletee yule Soksi. Mfungie katika ile flana. Usiifue kwanza, nataka kuiona kama ilivyo.

Usisimame nje ukikohoa kama ulivyozoea ili nipate nafasi ya kutoka. Mbuzi wa kuondoa thoni tutamtafuta siku nyingine, wazee wakitaka. Mgongo wangu umeuona vya kutosha. Mlango wa nyuma nimeuegemezea gunia la viazi, na kiti changu nimekigeuza kielekee mlango wa mbele. Ingia.

Mama yako,
Wakonyo